Kambwa kako kakule nini na kiasi gani: mwongozo wa mwenye kuanza, toka hapa Goma

Kila wiki iko mutu ananisimamisha ku barabara ao ananitumia odio ku WhatsApp: "Yaya, nimepata katoto ka mbwa, nikapatie nini? Nikapatie mara ngapi?" Wiki iliyopita ilikuwa mama moja wa Ndosho, na mbele yake kijana wa Katindo mwenye alinunua berje aleman (ile mbwa kubwa ya Kijerumani) ya pesa mingi, alafu anailisha fufu na mayi ya maharagi. Nimechoka kurudilia maneno moja kila siku, njo maana ninaandika yote hapa mara moja. Soma mpaka chini mbele uniulize tena, tafazali.

Kitu ya kwanza ujue: hakuna mutu anaweza kukuambia "patia kambwa kako makopo mbili" bila kuuliza kako na kilo ngapi. Kiasi inatoka ku mwili ya mbwa, haitoke ku macho yake. Macho ya kambwa inalia njaa siku yote, hata kama kametoka kulamba sahani sasa hivi, na ukifuata macho utalisha mpaka tumbo iwe ngoma.

Miye nilijifunza vibaya. Mbwa yangu ya kwanza ilikuwa inaitwa Bobi. Nilikuwa na rafiki mwenye kazi yake ilikuwa ku abatwari, ananiletea mapafu na vipande vya nyama karibu kila siku, nikawa ninajisemea huyu mbwa anakula kushinda sisi wote mu nyumba. Ku miezi ine miguu ya mbele ikaanza kupinda inje, kama mutu mwenye kubeba bidoni mbili za mayi toka ziwa, na ukimugusa ku bega analia. Nilizania watoto wa jirani walimutupia majiwe, karibu nigombane na watu. Munganga wa nyama (veterineri) akamuangalia, akaniuliza kitu moja tu: anakula nini? Nikajibu na kiburi: nyama. Akatikisa kichwa. Akanielezea nyama peke iko na fosforasi mingi na kalsiyomu karibu hakuna, sasa mwili unaenda kuchukua kalsiyomu ku mifupa yake yenyewe, mifupa inalegea. Bobi alipona maumivu lakini miguu haikunyooka tena, alizeeka na ile miguu yake ya kucheza mpira.

Basi, nyama peke mbaya, fufu peke mbaya. Tuanze.

VYENYE UTATAYARISHA MBELE

- Balansi. Ya kupima kambwa, unaweza kuomba ile ya muuza maharagi ao ya jirani: unapanda wewe na kambwa mu mikono, alafu unapanda wewe peke, unatoa. Ya kupima chakula, kama hauna ya jikoni, beba kopo yako mpaka ku alimantasyo yenye iko na balansi ndogo, omba wakupimie mara moja.
- Kopo moja ya kupimia, na iwe ile ile kila siku. Yangu ni ya tomati, ile ndogo ya garamu 70. Ikijaa kroketi (chakula kavu ya mbwa ya duka) mpaka mudomo inabeba karibu garamu 30. Pima ya kwako, juu kroketi zingine ni nyepesi, zingine nzito. Usitumie mukono! Mukono wa mutoto na mukono wa papa hazilingane, na kila mutu mu nyumba atapima ya kwake.
- Sahani mbili nzito zenye hazipinduke, moja ya chakula, moja ya mayi.
- Kaye na biki. Utaandika kilo kila wiki. Watu banacheka hapo, lakini ni kaye ile itakuonyesha shida mbele macho ione.
- Dawa ya minyoo toka kwa munganga wa nyama.
- Chakula yenyewe, tutaiongelea chini.

HATUA

1. Jua umri na kilo.

Kama kako chini ya wiki 8 na mama yake angali, karudishe. Katoto kanaanza kuonja chakula ku wiki ya 3 ao ya 4, ni kweli, lakini maziwa ya mama ingali na kazi mpaka wiki 7, 8. Wauzaji watakuapia "kako na miezi mbili" na wewe unaona kanatembea kama mulevi ya kasiksi. Fungua kinywa uangalie: ku wiki 8 meno ya maziwa inakuwa imeisha kutoka yote, 28, madogo na makali kama sindano. Meno za mbele zikianza kuanguka na kubwa zinatoka, hapo kako karibu na miezi 4.

Uliza tena mama yake na baba yake wako wakubwa namna gani. Mbwa yenye itapita kilo 25 ikikomaa, kama berje ao Rottweiler, iko na sheria yake ku mambo ya kalsiyomu. Zetu za kawaida za mtaa hazifikake huko.

2. Toa minyoo, na usisahau chanjo.

Utaniuliza minyoo inaingilia wapi mu chakula. Inaingilia hapa: tumbwa karibu twote tunapata minyoo kwa mama, tungali mu tumbo na mu maziwa, na hiyo minyoo njo inakula ile pesa yako ya sambaza (tusamaki tudogo twa ziwa). Dawa inaanzaka ku wiki ya 2, inarudiliwa kila wiki mbili mpaka kaachishwe ziwa, alafu kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo kinafuata kilo, kwa hiyo usikate kate tableti ya watoto kwa kubahatisha. Siku ile ile ongea na munganga habari ya chanjo: ya parvo (ugonjwa wa kuhara wenye unaua tumbwa) na wenzake inaanza wiki 6 mpaka 8, inarudiliwa kila wiki 3 ao 4 mpaka wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12.

3. Chagua chakula.

Uko na njia tatu.

Njia ya kwanza, kroketi. Ni rahisi, ila bei inauma. Usiangalie picha ya mbwa ku mufuko, geuza nyuma usome. Unatafuta maneno "aliment complet", ni kusema chakula kamili. Ikiandikwa "aliment complémentaire" ile ni ya kuongezea tu, kambwa hakawezi kuishi nayo peke. Tena iandikwe "chiot", "junior" ao "croissance" (yenye inatoka Kenya ao Uganda itakuwa na "puppy"). Ku proteini tafuta 25 kwa 100 kwenda juu, chini kabisa ni 22, na mafuta isishuke 8. Kama ni mbwa ya kukuwa kubwa, chagua yenye imeandikwa "grande race" na kalsiyomu isipite 1,8 kwa 100, juu kambwa kadogo hakajue kukataa kalsiyomu yenye imezidi, inaingia yote tu, na mifupa inakuwa haraka vibaya. Kroketi za kupimwa, zile zinatolewa mu mufuko mukubwa zinauzwa mu sashe, nusa mbele ulipe. Zikinuka mafuta ya zamani, acha.

Njia ya pili, sufuria ya nyumba. Sisi wa Goma tuko na bahati moja kubwa: sambaza. Kasamaki kadogo kanaliwa na mifupa yake yote, proteini humo, kalsiyomu humo. (Na kusema hata hazikuwa za huku, zililetwa mu Kivu toka Tanganyika ku mwisho wa miaka ya 1950, leo mtu wa Kituku, kando ya ziwa, atakuapia Mungu aliziumba hapa hapa.) Sambaza ya kukauka, unga ya mahindi, yai, mafuta kidogo, karoti ao boga, ile ni sahani ya kambwa ya maana. Unga ya mahindi iko na proteini karibu 8 ao 9 kwa 100, ya muhogo haifike hata 2, kwa hiyo fufu ya muhogo ni kujaza tumbo tu. Unga ya masosoma ni nzuri zaidi ya zote mbili juu iko na soya ndani.

Njia ya tatu ni ya kuchanganya, nusu kroketi, nusu sufuria. Miye ninafanya hii, na njo ninashauri wengi, juu sufuria ya nyumba hata ukiipika biyen inakosa vitu vidogo vidogo, zinki, iyodi, vitamini E, na ile nusu ya kroketi inaziba matundu. Kama pesa ya kroketi haiko kabisa, uliza munganga unga ya vitamini ya kuongezea.

ANGALIA UNGA. Hapa ninasimama kidogo. Unga yenye imeshika ukungu, mahindi yenye imeoza, karanga nyeusi, watu wanasema "haifae tena kwa watu, tupatie mbwa". Apana kabisa! Ule ukungu unaweza kuwa na aflatoksini na inaharibu maini ya mbwa. Kupika haitoshe kuitoa. Hata Marekani, mwisho wa 2020 kuingia 2021, kroketi zenye ziliingiliwa na ile sumu ziliua mbwa zaidi ya 100, na zilikuwa za duka, mufuko wa kung'aa. Sasa wewe na ule unga wa chini ya kitanda.

4. Hesabu kiasi ya siku.

Hizi ni garamu za kroketi kwa siku nzima, siyo kwa mlo moja. Nimezihesabu ku kroketi ya kawaida yenye iko na kalori karibu 370 mu garamu 100. Kama mufuko wako uko na tablo yake, fuata ile ya mufuko.

Chini ya miezi 4:
- kilo 2: karibu garamu 95
- kilo 3: karibu 130
- kilo 5: karibu 190

Kupita miezi 4:
- kilo 5: karibu 125
- kilo 10: karibu 210
- kilo 15: karibu 290
- kilo 20: karibu 360

Umeona kitu? Ka kilo 5 ka miezi mitatu na ka kilo 10 ka miezi sita wanakula karibu sawa. Kadogo kanajenga mwili kwa mbio, kanachoma mingi. Njo maana watu banachanganyikiwa, wanaona kambwa kamekuwa mara mbili wanaongeza chakula mara mbili, alafu baada ya mwezi wananitumia picha ya mbwa kama mufuko ya makala.

Kwa sufuria, huu ni mfano wa siku moja kwa ka kilo 5 chini ya miezi 4: unga ya mahindi garamu 70, sambaza ya kukauka garamu 60, yai moja, mafuta kijiko kikubwa kimoja, karoti ao boga mukono moja, na unga ya ganda ya yai nusu ya kijiko kidogo. Ka kilo 10 kupita miezi 4, ile ile na uongeze sehemu moja mu tano. Ukichanganya na kroketi, kata yote mbili nusu nusu, na ile ganda ya yai uitoe, kroketi iko na kalsiyomu yake tayari.

5. Gawanya mu siku.

Kutoka wiki 8 mpaka miezi 3, mara 4. Kutoka miezi 3 mpaka 6, mara 3. Kupita hapo mara 2, mpaka uzee. Saa zikuwe zile zile. Sahani ikae chini dakika 15 mpaka 20, alafu uinue, hata kama imebaki. Mayi inabaki siku yote.

6. Pika.

Sambaza ya kukauka inakuwaka na mchanga, juu wanaanika chini. Iloweke mu mayi ya moto kidogo, ikoroge na mukono, mwanga ile mayi, utaona mchanga unabaki chini ya beseni. Rudilia mpaka mayi isibaki nyeusi. Nilikuwa ninaruka hii kazi mpaka siku moja nikaonja mwenyewe, nikasikia meno inalia kri kri.

Weka mu sufuria na mayi, chemsha dakika 15 ku mbabula. Kama kambwa kangali na wiki 8, 9, toa sambaza uzitwange kidogo mu kinu, urudishe. Mwanga unga pole pole ukikoroga, usiikaze kama bugali ya watu, iwe laini kati ya uji na bugali. Karoti iliyokatwa kadogo kadogo unaingiza pamoja na unga. Yai unalipasua mwisho, unakoroga mpaka liive (lisiwe bichi). Epua, alafu njo unaweka mafuta. CHUMVI HAPANA, kubu ya mchuzi hapana, kitunguu hapana. Weka kidole katikati ya chakula, siyo juu: kama kidole kinaweza kukaa humo bila kuungua, patia.

Ganda ya yai: ioshe, ikaushe ku sufuria yenye moto, isage mpaka iwe unga kweli kweli kama pudre, vipande vinakata koo.

Kama uko na frigo na kura (umeme) inakuja, pika ya siku mbili. Sisi wenye tunaishi na delestaji tunapika kila siku, ao ile ya jioni inatoka ku ya asubui na ya kesho inaanza upya. Chakula yenye imelala mu joto siyo ya kambwa kadogo.

7. Ingiza chakula mpya pole pole.

Siku kambwa kanafika, uliza kalikuwa kanakula nini kule kalitoka, hata kama ni fufu, na ukapatie ile ile siku mbili ya kwanza. Alafu siku mbili robo ya mpya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, nyuma yake yote mpya. Mwenye anabadilisha kwa siku moja asiniite na kuniambia kambwa kanahara.

8. Kila wiki pima na uguse mbavu.

Hii ndiyo hatua yenye watu wanaruka, na kama ungefanya moja tu mu zote, ingekuwa hii. Jumapili asubui, mbele kakule, pima, andika mu kaye. Alafu weka vidole vyako ku mbavu, bila kukaza. Kunja ngumi uguse vifundo vya vidole: kama mbavu iko ivyo, mifupa inatoka, kamekonda, ongeza sehemu moja mu kumi. Fungua mukono uguse chini ya kitanga kwenye nyama: kama mbavu iko ivyo, unatafuta mufupa hauone, kamenenepa, punguza sehemu moja mu kumi. Geuza mukono uguse mugongo ya kitanga: mifupa unaisikia chini ya ngozi lakini haichome. Pale pale. Ukikaangalia toka juu, kiuno kinapaswa kuonekana kidogo nyuma ya mbavu.

Watu wa kwetu wanapenda kambwa kanene, wanasema kamependeza, mwenyewe iko na pesa. Kule Marekani walifuata Labrador 48 tangu utoto mpaka kufa, nusu yao wakipewa chakula yenye imepunguzwa robo kuliko ya wenzao, na wale wa sahani ndogo waliishi karibu miaka 13, wenzao 11 na kidogo.

VYENYE HAVIINGIE MU SAHANI

Kitunguu na kitunguu saumu, hata ya kupikwa, inaharibu damu, na njo maana mabaki ya mchuzi yetu haifae, kila mchuzi ya Goma inaanza na kitunguu. Shokola. Zabibu. Pombe, na ninajua wale wanachekaka kuonjesha mbwa. Bonbo na shingomu za bila sukari. Makayabu (samaki ya chumvi), chumvi yake ni mingi sana hata ukiiloweka. Muhogo mubichi na majani yake mabichi.

Mifupa ya kupikwa ya kuku, hapana, inavunjika kama sindano, na ni kosa nambari moja baada ya sikukuu. Mbwa ya jirani yetu ilikufa nayo ku Bonane.

Matumbo na mapafu ya abatwari ni chakula nzuri kama sehemu ya sufuria, lakini pika mpaka iive yote, na kama unaona vifuko vya mayi ku maini ao ku mapafu, tupa ku shimo lenye mbwa hazifike. Ile ni minyoo, ikikomaa mu mbwa mayai yake inarudi mpaka kwa watoto wako. Maini nzuri yenyewe, kipande kama kidole gumba mara moja ao mbili kwa wiki inatosha.

Maziwa ya ngombe: hapa mama wote wananikatalia. Kambwa kameachishwa ziwa tumbo yake haipokee maziwa biyen, kanahara. Kipande kidogo cha formaji (jibini) ya Masisi cha kukafundishia kukaa ao kuja ukiita, hakuna shida, ila kidogo kweli, kama punje ya maharagi, na vile vitu vyote vya kuonjesha visipite sehemu moja mu kumi ya chakula ya siku.

Na kalsiyomu ya tableti juu ya kroketi, apana. Wenye berje wanapenda sana hii, "mifupa iwe nguvu". Unaharibu ile ile mifupa.

KUKIWA SHIDA

Kanahara. Kama kangali kanacheza na kunywa, rudi ku chakula nyepesi: wali laini na kuku ya kuchemshwa bila chumvi, kidogo kidogo mara nyingi, siku moja. Usikafungie chakula siku nzima, kadogo hakawezi. Kama kuna damu, kanatapika, kamelala tu, ao inapita siku moja, beba kwa munganga siku ile ile. Inaweza kuwa parvo, na parvo haingoje Jumatatu.

Tumbo kubwa na mugongo mwembamba. Siyo shibe, ni minyoo, ao proteini inakosa. Rudi hatua ya 2, alafu angalia tena ni unga gani unapika.

Hakataki kroketi. Ziloweke mu mayi ya moto kidogo dakika kumi, harufu inatoka. Ukianza kuongeza nyama juu kila mara kanakataa, kamekufundisha wewe, siyo wewe umekafundisha. Lakini katoto chini ya miezi 3 kamekataa milo miwili mfululizo, usibishane nako, kaonyeshe munganga.

Kanatafuna majiwe. Hapa kwetu volkano ilitupatia majiwe bure kila parsele, na tumbwa tunapenda zile ndogo nyeusi. Mingi ni mchezo na meno yanawasha, tafuta kitambaa ukilowanishe mu mayi baridi, ukifunge fundo, ukape. Ila kama kanameza kweli, na kanaacha kula ao kanatapika, jiwe linaweza kuwa limeziba matumbo.

Kanakula mavi yake. Ni aibu lakini ni kawaida kwa tumbwa. Ondoa haraka, hakikisha dawa ya minyoo imepita, wengi wanaacha wakikuwa.

Kanatetemeka, kanalegea, sana sana kale kadogo dogo ka kilo 1 ao 2 yenye imekaa muda bila kula. Sukari imeshuka mu damu. Paka asali ao mayi ya sukari ku fizi na kidole (usimwage mu koo), kafunike joto, kakiamka kale, alafu kwa munganga.

Miguu inapinda ao inachechemea. Acha kubahatisha, beba, na ubebe ile kaye yako pamoja. Mungu aliniepusha na mengi lakini hii ningeikimbilia mapema.

Na ile swali ya mwisho, lini kuingia chakula ya mbwa kubwa: kadogo ka mtaa ku miezi 10 mpaka 12, wale wa kupita kilo 25 ku miezi 12 mpaka 18, na kubadilisha kunafuata ile hatua ya 7. Berje ya kijana wa Katindo iko na miezi 5 sasa, tuliipima Jumapili, kilo 14, mbavu za vifundo vya ngumi. Ameacha fufu, anapatia nusu kroketi nusu sambaza, na ku kaye yake iko mustari moja tu imeandikwa.